Barua ya Kuthibitisha Undugu na Sokwe

Nchi yetu msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani alipitia kwetu siku ya usafi wa lazima, akakuta ofisi zimefungwa, akaenda zake. Lakini nchi ipo. Ina wimbo wake, ina mawaziri arobaini na mmoja, na ina mimi, Onesmo Likwata, Karani Mkuu wa Tume ya Taifa ya Kuchunguza Binadamu Alitoka Wapi. Haya ninayosimulia niliyaandika kwa mkono wangu kwenye jalada la Tume, kwa hiyo ni kweli tupu. Kama kuna pahali yanafanana na mambo ya kwenu, poleni sana.

Yalianzia mezani kwa Waziri wa Elimu, Maadili na Mifugo Midogo, Mheshimiwa Daktari Balthazari Kong'oto. Udaktari huo alitunukiwa na chuo kimoja cha ng'ambo baada ya kukizindulia choo. Siku hiyo familia ilikuwa inakula ndizi nyama. Mwanawe Prosper alikuwa anasoma shule ya serikali kwa wiki mbili, kwa ajili ya kupigwa picha za gazeti, akaona aeleze alichojifunza.

"Baba, leo mwalimu katufundisha kwamba sisi na nyani tuna babu mmoja."

Mheshimiwa akaacha kutafuna. "Babu yupi?"

"Wa zamani sana, baba."

"Nakuuliza yupi! Mzaa baba au mzaa mama?"

Mtoto hakujua. Hapo ndipo mniazime masikio, maana mgeni hawezi kuelewa. Kwetu undugu si jambo la mchezo. Mtu akisema wewe ni ndugu yake, kesho yake anakuja na godoro. Anakula kwako, anazikwa kwako, na akifa unanyoa nywele. Sasa hapa ametajwa ndugu mwenye manyoya, anayeishi porini, mwenye watoto wasio na idadi. Mheshimiwa aliwaza misiba yote hiyo na matanga yake, akasukuma sahani, akapiga simu.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Pelagia Mng'ong'o, wa Shule ya Msingi Maendeleo ya Pili. Mjane, miaka hamsini na minane, miwani imefungwa kwa uzi sikio la kushoto. Alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na minne bila kumsumbua mtu yeyote, na somo alilolifundisha lilikuwa ukurasa wa sitini na mbili wa kitabu cha Wizara, chenye picha ya Mheshimiwa mwenyewe ukurasa wa kwanza, anatabasamu. Lakini Mheshimiwa hakuwahi kusema amekisoma. Alisema amekiidhinisha.

Pelagia akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Zilikuwa zimebaki wiki kumi mtihani wa darasa la saba ufanyike, na hilo ndilo lililomuuma. Katika darasa lake kulikuwa na binti mmoja, Tumsifu, mtoto wa mchoma mkaa, ambaye akili yake ilikuwa inamtisha hata mwalimu mkuu. Wilaya nzima ilikuwa na nafasi moja tu katika Shule ya Sayansi ya Wasichana. Pelagia alitaka nafasi hiyo iwe ya Tumsifu. Hakuwa na ombi lingine duniani, na mimi nathibitisha, kwa sababu barua zake zote za kuomba kurudi darasani nilizipokea mimi, nikazifunikia chai.

Nchi, bila kupoteza muda, iligawanyika. Wale wanaosema binadamu aliumbwa tuliwaita Watu wa Udongo, na wale wanaosema alibadilika polepole kutoka viumbe vya kale tuliwaita Watu wa Mkia. Wengi hawakuwa wamesoma hoja ya upande wowote, ndiyo maana walikuwa na uhakika. Vinyozi walikuwa wanauliza kwanza ndipo wanyoe. Fundi cherehani mmoja aliuliza kama mtu anaweza kuamini Mungu aliumba kwa njia hiyo ya polepole, akavunjwa taya na pande zote mbili kwa ushirikiano. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kwa wananchi kufanya jambo kwa umoja, na Mheshimiwa aliwapongeza redioni.

Ndipo ikaundwa Tume. Watu wa dini walialikwa, na padri mmoja mzee alisimama akasema, "Mimi nimehubiri uumbaji miaka hamsini na sijawahi kuhitaji polisi. Mrudisheni mama wa watu akafundishe." Alifutwa kwenye orodha ya wajumbe kabla hajakaa. Akaitwa profesa wa biolojia kutoka chuo kikuu, mtu aliyeandika vitabu vitatu juu ya jambo hilohilo. Aliulizwa kama yaliyomo ndani ya vitabu vyake ni kweli. Akakohoa, akasema suala hilo lina pande nyingi, hasa tangu alipoteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya sukari.

Mwisho akaingia Pelagia. Aliponiona nimekaa na kalamu, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Onesmo! Ndiye wewe? Wewe si ulikuwa unalia ukiona kengele imechelewa kulia?"

Wajumbe wakacheka. Ni kweli alinifundisha kusoma, darasa la kwanza mpaka la tatu, lakini je, ilikuwa lazima aseme? Niliandika kwenye jalada: *Mshtakiwa ana dharau.*

Mheshimiwa akakaa vizuri kitini. "Bibi, unadai sisi ni ndugu wa nyani?"

"Mheshimiwa, sikusema nyani ametuzaa. Nilisema viumbe hivi vina asili moja ya kale sana. Sokwe yuko karibu zaidi na sisi. Ushahidi upo kwenye mifupa, upo kwenye damu."

"Damu! Mmesikia? Amesema ndugu wa damu." Akanigeukia mimi. "Karani, mtu akidai undugu wa damu katika nchi hii, utaratibu unasemaje?"

Nikasimama, nikasoma kwa sauti. Utaratibu wetu uko wazi tangu uhuru. Hakuna undugu unaotambulika serikalini bila barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, mashahidi wawili, na dole gumba la ndugu anayedaiwa. Mtu anaweza kufanana na mama yake kama pacha, wakatembea njiani watu wakashangaa; bila barua, huyo si mama yake, ni mwanamke tu anayefanana naye.

"Basi," akasema Mheshimiwa, "sayansi yako tutaiheshimu. Lete barua. Ukiileta, unarudi kazini. Usipoileta, umewadanganya watoto, na jela ipo."

Pelagia alicheka. Kumbe alidhani ni mzaha! Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akauliza ni siku ngapi zimebaki mtihani ufanyike. Nikamwambia arobaini na nne. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mwenyekiti wa mtaa wake, Mzee Chikawe, ni mtu ambaye hajawahi kumnyima yeyote barua. Ameandika barua za dhamana, barua za mazishi, na mara moja barua ya kuthibitisha kuwa kuku fulani ni mkazi. Ana fomu zake zilizopigwa chapa, muhuri anautunza ndani ya soksi. Akamsikiliza Pelagia mpaka mwisho, akaanza kujaza.

"Mimi, fulani, nathibitisha kuwa... hapa jina lako. Ni ndugu wa damu wa... hapa Sokwe. Tayari."

"Hapana, mwenyekiti. Hapo andika binadamu wote. Si mimi peke yangu."

Mzee Chikawe akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, mamlaka yangu yanaishia pale mtaroni, nyuma ya machinjio. Nitawathibitishaje watu wa mtaa mwingine? Nifungwe? Na hii nafasi unaiona ilivyo, inaingia jina moja. Kila mmoja aje na fomu yake."

Pelagia aliitazama fomu ile kwa muda mrefu. Alikuwa mwalimu wa sayansi, alijua kabisa ni upuuzi. Ila alidhani upuuzi ukishapigwa muhuri unakwisha, mtu anarudi kazini kwake. Miaka thelathini na minne serikalini, na bado mama wa watu alikuwa hajatujua! Akasaini.

Kwa upande wa sokwe, tulikwenda bustani ya wanyama ya taifa, mimi na polisi wawili. Kuna sokwe mmoja tu pale, mzee, mpole. Alitoa dole gumba lake bila kupigwa, jambo ambalo polisi walisema hawajaliona kwa shahidi yeyote tangu waajiriwe.

Barua ikasomwa mbele ya Tume. Mheshimiwa aliisoma mara mbili, na nikaona uso wake unafunguka. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wananchi. Leo tumemaliza mgogoro ulioshinda mataifa makubwa. Wenzetu wamegombana miaka mia na zaidi, binadamu ametoka wapi, ametoka wapi. Wametumia darubini! Sisi tumetumia utaratibu. Barua iliyo mbele yangu inathibitisha, kwa muhuri halali, kwamba kuna mtu mmoja nchini aliyetokana na sokwe. Mtu huyo ni Pelagia Mng'ong'o. Sisi wengine wote, kwa kuwa hatuna barua, tuliumbwa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu wa Udongo walifurahi kwa sababu wao ni wa udongo. Watu wa Mkia walifurahi kwa sababu nadharia yao imetambuliwa na dola, japo kwa mtu mmoja. Profesa alilia machozi. Pelagia alikuwa anasema kitu, lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, nami niliandika: *Mhusika alitoa sauti.*

Kitabu cha sayansi kikachapwa upya ndani ya wiki moja. Ukurasa wa sitini na mbili sasa unasema: "Binadamu aliumbwa, isipokuwa Bi. Pelagia Mng'ong'o, wa Shule ya Msingi Maendeleo ya Pili, ambaye alitokana na sokwe." Ni sentensi nzuri, niliitunga mimi. Kaka zake Pelagia walikaa kikao cha ukoo, dakika kumi hivi, wakakumbuka kwamba kumbe dada yao aliokotwa.

Likabaki swali la kumweka wapi. Mheshimiwa alikuwa ameahidi kumrudisha kazini, na Mheshimiwa ni mtu wa ahadi. Lakini sheria ya ajira inataka mwalimu awe mtu. Bustani ya wanyama walisema wana kizimba kimoja kitupu. Pelagia alipoulizwa, alijibu kwa sauti ndogo, "Nipelekeni shuleni. Popote, lakini shuleni." Basi Wizara ikatoa waraka: arudishwe shuleni kama kifaa cha kufundishia.

Nilimkabidhi mwenyewe. Kwenye daftari la stoo niliandika: "Kimepokelewa kimoja. Jike. Hali ya kuridhisha. Kina miwani." Akawekwa kati ya tufe lenye majina ya nchi zilizokwisha kufa na mifupa ya plastiki isiyo na taya. Kila Jumanne na Alhamisi viranja walimtoa, wakamsimamisha mbele ya darasa. Mwalimu mpya, Faraji Mbonde, aliyekuwa anafundisha michezo, alimwelekezea fimbo na kusema, "Hili ni sikio. Linganisheni na la kwenu." Siku moja aliandika ubaoni kwamba moyo una vyumba vitatu. Pelagia akasema taratibu, "Vinne." Akapigwa fimbo ya kiganja, kwa kuwa kifaa hakisemi.

Wanafunzi walikatazwa kumwamkia. Nani anaamkia tufe? Wengi walizoea haraka, watoto ni wepesi kuzoea, na wengine walianza kumrushia maganda ya karanga. Tumsifu tu ndiye kila akipita mlango wa stoo alikuwa ananong'ona, "Shikamoo, mwalimu." Na ndani, gizani, sauti ilikuwa inajibu, "Marahaba, mwanangu. Umeelewa ile ya sehemu na desimali?" Kisha kupitia tundu la kitasa wakawa wanafanya sehemu na desimali. Jambo hili tulilijua baadaye, tungelijua mapema tungeziba tundu.

Siku ya mtihani ikafika. Sehemu ya vitendo, kifaa kikawekwa juu ya kiti mbele ya chumba. Swali lilikuwa moja, lenye alama thelathini: "Tazama kifaa kilicho mbele yako. Taja tabia tatu ulizoziona zinazokitofautisha na binadamu."

Mimi nilikuwa mwangalizi kutoka Wizarani, nilikuwepo. Watoto wote wakainua macho wakamtazama Pelagia. Naye alikuwa amekaa kama anavyokaa siku zote, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja, kola imenyooshwa kwa maji maana pasi hakuwa nayo. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Hakuna aliyeandika, kwa sababu hakukuwa na la kuandika. Tumsifu alikuwa ameshika kalamu, karatasi yake ni nyeupe, machozi yanaanza kumlengalenga. Alama thelathini zikienda, nafasi imekwenda.

Pelagia aliiona karatasi ile. Mbele ya Tume tulimtisha kwa jela, na hakubadili neno hata moja. Sasa, bila mtu kumgusa, akavua miwani akaiweka chini taratibu. Akanyanyua mkono akajikuna kwapa. Akajikuna tena kwa nguvu, ili aliye nyuma aone. Akatoa meno yote. Halafu mama yule wa miaka hamsini na minane, mwenye magoti mabovu, akapanda juu ya meza, gauni likakwama msumarini likachanika mpaka kwenye nyonga, akachuchumaa pale, akaruka mara mbili huku anatoa sauti. Watoto wengine wakaangua kicheko. Tumsifu hakucheka. Aliandika moja, mbili, tatu, huku anafuta karatasi kwa kiwiko isilowane.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Maendeleo ya Pili ikawa ya kwanza kitaifa katika sayansi, na Tumsifu akapata ile nafasi. Kwa siku nne Mheshimiwa alijisifu. Siku ya tano Wizara ikagundua kwamba watahiniwa sitini na wawili wameandika majibu matatu yaleyale, kwa mpangilio uleule. Kulikuwa na udanganyifu. Mtu aliwapa majibu!

Lakini je, alikuwa mtu? Hapo sheria ikasimama. Sheria ya mitihani inasema "mtu yeyote atakayempa mtahiniwa jibu atafungwa miaka minne, na matokeo ya shule yatafutwa." Kifaa hakifungwi. Mwanasheria wa Serikali akatafuta kila kitabu, na mwisho kesi ikabaki kwenye swali hilo moja. Hakimu akaamua aitwe shahidi aliyefanya vizuri kuliko wote, aseme ni nini alichokiona siku ile.

Tumsifu alikuja na sare ya shule mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Barazani Pelagia alikuwa amekaa chini kati ya askari wawili. Nikamsikia akimnong'oneza, "Sema mnyama, mwanangu. Neno moja tu. Mimi nitarudi stoo, na wewe utakwenda shule. Umenisikia?" Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Hakimu alikuwa mtu mwema, alimweleza polepole kama mjukuu. "Binti, usiogope. Ukisema kile kilichojikuna pale mbele ni mnyama, hakuna kosa, nenda kasome. Ukisema ni mtu, basi mtu huyo amevunja sheria, na matokeo yenu hayapo tena. Haya. Kilikuwa nini?"

Tumsifu akafungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha kuandika *mnyama* kwenye jalada, ili niokoe muda. Akamtazama Pelagia, na Pelagia, pale kizimbani, akajikuna kwapa mara moja kwa haraka, kumkumbusha.

"Ni mwalimu wangu," akasema Tumsifu.

Hakimu akamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Akaulizwa tena kwa mara ya tatu, kwa kuwa hakimu alikuwa mtu mwema. Akarudia vilevile, mikono nyuma kama watoto wanavyosimama wakiulizwa darasani. Nikafuta nilichoandika.

Hakimu akasoma kwamba mwalimu, kwa mujibu wa sheria ya ajira, ni mtu, na mtu huyu anakwenda jela miaka minne. Pelagia hakulia. Alimtazama yule mtoto aliyekuwa bado amesimama, akasema kwa ile sauti yake ya darasani ambayo hata mimi ilininyoosha mgongo, "Vizuri. Kaa chini." Tumsifu akakaa. Askari wakamtoa Pelagia kwa mlango wa nyuma. Matokeo ya shule nzima yalifutwa kabla ya chakula cha mchana, na jina la Tumsifu nililikata mimi mwenyewe, kwa rula, ili mstari usipinde.